Hakimiliki au kusajili dizaini? Amua kabla hujaposti

Kila nikisema nafanya dizaini lazima mtu aniulize "umeshaichukulia hakimiliki?" na mimi namrudishia swali, unaogopa waibe nini, mchoro au umbo la kitu chenyewe? Maana hapo ndo njia mbili zinapoachana na wengi wetu tunapita bila kujua kama kulikuwa na njia panda. Hakimiliki ni kitu kimoja, kusajili dizaini ni kitu kingine kabisa, sheria zake tofauti, muda tofauti, na ukikosea kuchagua hutajua leo, utajua siku unakuta kitu chako kinauzwa na mtu usiyemjua.

Mimi sio wakili, nachora na kutengeneza vitu, ila haya mambo nimeyasoma sana baada ya kupoteza dizaini moja niliyoipenda mno, ntaieleza hapo mbele. Basi nazilinganisha hizi mbili vile fundi anavyohitaji kuzielewa, afu nigusie na ulinzi mwingine wa pembeni.

Kwanza, ulinzi unakujaje. Hakimiliki inakuja yenyewe. Ukishachora, ukishasevu faili, tayari ni yako, hakuna fomu, hakuna ada, hakuna muhuri. Na hii sio sheria ya nchi moja, iko kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ulianza 1886 na ile kanuni ya kwamba haki isitegemee usajili wowote ikaingizwa kwenye marekebisho ya Berlin 1908, na sa hivi nchi zaidi ya 180 ziko ndani. Kwa hiyo mtu akikwambia "hukuandikisha, so sio yako" anakudanganya. Nchi nyingi zina daftari la hiari, unapeleka kazi yako wanakupa cheti, na hicho cheti kinasaidia kama ushahidi, lakini sio cheti kilichozaa haki. Marekani tu wana jambo lao, kazi iliyotoka kwao lazima usajili umalizike kwanza ndo ufungue kesi, Mahakama ya Juu kabisa yao ilithibitisha hivo 2019. Hata huko haki ilishakuwepo tangu siku ya mchoro, kilichosubiri ni mlango wa mahakama tu.

Kusajili dizaini ni kinyume chake. Bila maombi hakuna kitu. Unapeleka picha au michoro ya kitu chako ikionyesha mbele, nyuma, ubavu, juu, chini, unataja ni bidhaa ya aina gani (kuna madaraja 32 ya Locarno, mpangilio wa kimataifa wa aina za bidhaa, yanatumika sehemu nyingi), unalipa ada, unapewa tarehe. Hiyo tarehe ishike sana, ndo itakayolinganishwa na kila kitu kilichowahi kuonekana kabla. Na zile picha zichukulie kwa uzito kuliko maelezo, kwa sababu kilichoonekana kwenye picha ndo kinacholindwa. Ukipeleka picha ya rangi nyekundu mtu anaweza kuja kubisha kwamba ulilinda hiyo nyekundu, ukipeleka kiti kizima wakati ubunifu wako uko kwenye mguu tu basi umefungwa na kiti kizima. Wazoefu wanachora sehemu wasiyoidai kwa mistari ya vidoti afu sehemu wanayoidai kwa mstari kamili. Kitu kidogo hivo kinaamua kesi nzima.

Sasa twende kwenye kinacholindwa, na hapa naomba uvumilivu maana ndo penye utamu wote.

Hakimiliki inalinda kile ulichokitoa kichwani kikaonekana: mchoro, printi ya kitambaa, nakshi, sanamu, kielelezo. Wazo hailindi. "Taa yenye umbo la jani" ni wazo, kila mtu ruksa, lakini jani lako ulivyolichora mishipa yake na mikunjo yake, hilo ni lako. Mpaka hapo raha tupu. Shida inaanza pale mchoro unapogeuka kitu cha kutumia, kiti, taa, begi, kiatu, kwa sababu Berne yenyewe iliziachia nchi ziamue kila moja sanaa iliyotiwa kwenye vitu vya matumizi zitailinda vipi, na kila nchi ikaenda na njia yake.

Angalia Marekani. 1954 kwenye kesi ya Mazer v. Stein mahakama ilikubali sanamu ndogo za wachezaji dansi zina hakimiliki hata kama zimetumika kuwa kitako cha taa, maana ni sanamu hata ukiitoa balbu. 2017 ikaja Star Athletica, mgogoro wa mistari na maumbo kwenye sare za washangiliaji wa michezo, mahakama ikasema kama ile sanaa unaweza kuiona peke yake nje ya nguo na ingestahili ulinzi ikiwa peke yake, basi inalindwa. Lakini ukatwaji wa nguo yenyewe, yaani ile gauni ilivyokaa, hapana. Kwa hiyo printi juu ya begi ndiyo, umbo la begi kazi ipo. Ulaya nako Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema 2019 kwenye kesi ya Cofemel, iliyohusu jinzi na fulana, kwamba kitu kuwa kizuri machoni hakitoshi kukipa hakimiliki, inatakiwa kiwe ubunifu halisi wa mtu aliyefanya maamuzi yake huru. Dizaini moja, nchi mbili, majibu mawili. Mimi hili lilinichukua muda kulikubali, nilidhani haki ikikuja yenyewe basi inakuja nzima.

Kusajili dizaini hakuna huo mgogoro, kwa sababu kulitungwa kwa ajili ya vitu hivyo hivyo. Kinacholindwa ni mwonekano: mistari, umbo, rangi, mchoro wa juu, hata ule mguso wa uso wake. Haijali kama ni sanaa au sio sanaa, inajali kama ni mpya na kama ina sura yake. Kizuizi kikubwa ni kwamba umbo lililolazimishwa na kazi tu halipiti. Kama bawaba yako imekaa vile kwa sababu bila kukaa vile haifungi, hiyo peleka kwenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi wa namna kitu kinavyofanya kazi, huku hawataki.

Halafu kuna tofauti moja ambayo kwangu ndo kubwa kuliko zote na sijui kwanini watu hawaisemi. Kwenye hakimiliki lazima uonyeshe yule mtu amekopi. Akithibitisha alichora mwenyewe bila kuona yako, hata kama zimefanana kama mapacha, hajakosea kitu. Sasa we msanii mdogo utathibitishaje kwamba kiwanda cha mbali kilifungua ukurasa wako? Utakusanya skrinshoti, utatafuta yale makosa yako madogo yaliyojirudia kwenye yao (hii inasaidia kweli, kosa likijirudia ni ushahidi mtamu sana), lakini mzigo ni wako. Dizaini iliyosajiliwa haikuulizi hayo. Kama bidhaa yake inampa mtazamaji picha ile ile kwa ujumla na tarehe yako ni ya kwanza, basi amevuka mpaka wako, awe aliiona au hakuiona. Nakwambia hii ni nguvu nyingine kabisa.

Kwenye miaka hakimiliki inashinda kwa mbali. Berne inataka angalau maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, nchi nyingi zimeenda 70. Ila angalia hapa pia, kwa sanaa iliyotiwa kwenye vitu vya matumizi kiwango cha chini ni miaka 25 tu tangu kitengenezwe. Dizaini iliyosajiliwa, mkataba wa TRIPS, ule wa kibiashara kuhusu haki za ubunifu, ulioanza kufanya kazi 1995 unataka angalau miaka 10, Umoja wa Ulaya wanatoa mpaka 25 kwa vipande vya miaka mitano mitano unavyolipia, Marekani wana hataza ya dizaini, ndo usajili wao wa dizaini, ya miaka 15 tangu itolewe kwa maombi ya kuanzia Mei 2015. Lakini jiulize kweli, begi lako litauzwa miaka mingapi? Vitu vingi tunavyotengeneza vinaishi misimu michache. Mimi miaka hainisumbui, kinachonisumbua ni mwanzo wake.

Na hapa ndo nilipoumia.

Nilitengeneza taa ya mezani, kivuli chake nimekikunja kwa mkono mikunjo isiyolingana, nilihangaika nayo miezi. Ilipokaa sawa nikaipiga picha pande zote na mwanga mzuri, nikaiposti nikiwa na furaha kama nimejifungua, watu wakasifia, wakashea. Mwaka na nusu baadaye nimepata hela kidogo nikasema sasa nikaisajili. Swali la kwanza kabisa nililoulizwa na mshauri: umma uliiona lini kwa mara ya kwanza? Nikamwonyesha posti yangu, kwa kujivunia jamani. Akaniangalia akasema basi sio mpya tena. Yaani mimi mwenyewe ndo nimeua upya wa dizaini yangu, na tarehe ya posti yangu ndo ushahidi dhidi yangu. Muda si mrefu nikaona taa zenye umbo lile lile zinauzwa mtandaoni, nilipouliza kuhusu kutumia hakimiliki nikaambiwa pale nilipo kuipigania taa kama kazi ya sanaa ni mlima na sina hata pesa ya kufika katikati. Niliumia sana, na ndo sababu naandika hivi virefu.

Kuna sehemu wanakupa muda wa neema. Umoja wa Ulaya miezi 12 tangu ulipoionyesha mwenyewe, Marekani mwaka, Japani pia mwaka tangu 2018. Sehemu nyingine hawana kabisa au wanatoa kwa sababu chache sana, China kwa mfano kuposti kwako kwa kawaida hakukuachii nafasi. Novemba 2024 ulipitishwa mkataba wa Riyadh wa sheria za dizaini unaotaka huo muda uwe miezi 12 kwa wote, ila mkataba kupitishwa sio sawa na nchi yako kuutekeleza, so usiuhesabie bado. Na hata kama una mwaka wa neema, mtu mwingine akitoa yake inayofanana ndani ya huo mwaka na ni ya kwake mwenyewe, mambo yanaweza kukugeukia. Neema ni ya kumwokoa aliyesahau, usiifanye ndo mpango.

Hakimiliki haina huo wasiwasi hata kidogo. Posti leo, posti kesho, haki yako iko pale pale, na posti yenye tarehe inakuwa ushahidi wako. Ona ilivyo, kitendo kile kile upande mmoja kinakujenga upande mwingine kinakubomoa. Ndo maana nasema uamuzi uwe kabla ya kuposti.

Mipaka ya nchi nayo watu wanaisahau. Hakimiliki yako kupitia Berne inavuka yenyewe, nchi mwanachama inatakiwa ikulinde kama inavyolinda watu wake (kwa vitu vya matumizi kuna masharti, kama nchi yako inavilinda kama dizaini tu basi huko wanaweza wakakupa ulinzi wa dizaini tu). Usajili wa dizaini unabaki pale ulipousajilia. Umesajili nchi moja, ya jirani wako huru kutengeneza. Ila ukishapeleka maombi ya kwanza unapata miezi sita ya kupeleka kwingine ukahesabiwa tarehe ile ile ya mwanzo, huo ni Mkataba wa Paris, na ni miezi sita, usichanganye na 12 ya hataza za uvumbuzi. Kuna na mfumo wa The Hague unaosimamiwa na WIPO, shirika la dunia la haki za ubunifu, ombi moja kwa nchi nyingi, na unaweza ukaweka mpaka dizaini 100 ndani ya ombi moja zikiwa daraja moja. Kwa mtu anayetoa mkusanyiko wa vitu 20 kwa mpigo hilo ni jambo la kulifikiria. Unaweza pia kuomba wasiitangaze kwanza, mpaka miezi 30 kwenye mifumo kama ya Ulaya, yaani umesajili lakini washindani hawajaiona.

Gharama sitaji maana kila ofisi na ada zake, ila sura yake ni hii: hakimiliki mwanzoni bure na machungu yote yako mbele siku ya kesi, kusajili unalipa mwanzoni afu siku ya kesi unaingia na karatasi mkononi. Ila jua ofisi nyingi hazikagui kama dizaini ni mpya kweli, zinaangalia fomu tu na kukupa cheti, kwa hiyo cheti kinaweza kuja kupingwa na kufutwa kama kuna mtu alishatoa kitu hicho zamani. Marekani na Japani wanakagua, inachukua muda zaidi lakini cheti kinakuwa kigumu.

Kwenye mitandao hakimiliki iko fasta zaidi. Majukwaa makubwa yana fomu za kuripoti kazi iliyoibiwa, mfumo uliotokana na sheria ya Marekani ya 1998, unajaza, unaweka linki ya kwako na ya kwao, mara nyingi wanashusha. Kama mtu amechukua picha yako ya bidhaa na kuitumia kuuzia feki yake, hapo usihangaike na dizaini kabisa, ripoti picha, picha ni kazi yako yenye hakimiliki safi. Mimi zile taa sikuweza kuzizuia lakini wawili waliotumia picha zangu walishushwa. Kidogo lakini kilinipa usingizi.

Uongo mwingine tuuzike kabisa hapa. Kujitumia mchoro kwa posta kwenye bahasha iliyofungwa hakukusajilii chochote, na hata ukiitumia kama ushahidi ni dhaifu, bora michoro ya hatua kwa hatua, faili zenye tarehe, meseji na wateja. Na ile ya "ukibadilisha asilimia 30 inakuwa yako", haipo, hakuna sheria inayopima hivo, wanaangalia kilichochukuliwa na picha ya jumla inayobaki. Pia kama mashine ndo imekuchorea kila kitu, kuwa makini na hakimiliki, Machi 2025 mahakama ya rufaa Marekani ilisisitiza mtunzi lazima awe binadamu.

Na kabla ya yote haya, hiyo dizaini ni yako kweli? Ukichora ukiwa umeajiriwa kwa kazi hiyo, kawaida mwajiri ndo mwenye haki. Ukichora kwa oda ya mteja kila nchi na sheria yake, na dizaini inaweza kwenda tofauti na hakimiliki ndani ya kazi hiyo hiyo moja. Andikeni kabla, hata kurasa mbili, nani anamiliki, nani anaruhusiwa kutengeneza, na mteja asionyeshe watu kabla hujasajili.

Zile za pembeni nilizoahidi. Umoja wa Ulaya wana ulinzi wa dizaini isiyosajiliwa, miaka mitatu tangu ilipoonyeshwa kwao, Uingereza wana yao ya umbo inayoweza kufika miaka 10 tangu kuuzwa mara ya kwanza au 15 tangu kubuniwa, zote mbili zinahitaji uonyeshe umekopiwa. Kwa watu wa fasheni wanaobadilisha kila msimu inaweza kutosha. Alama ya biashara ndo ya logo, inahuishwa kila miaka 10 bila mwisho, na kuna maumbo yaliyofika huko: chupa ya Coca-Cola ilianza na hataza ya dizaini 1915, muda wake ukaisha, na 1960 umbo lenyewe likasajiliwa kama alama ya biashara Marekani. Lakini hiyo ni miaka mingi ya watu kulijua umbo hata gizani, usipange kuanzia hapo.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ni wewe ningechagua hivi. Unachora printi, vielelezo, michoro ya juu ya vitu: hakimiliki, tunza ushahidi, jiandikishe kwenye daftari la hiari kama lipo, ada ya kusajili dizaini weka kwa ile printi moja inayokulisha tu. Unatengeneza vitu ambavyo umbo ndo biashara: sajili, na sio vyote, chagua vile viwili vitatu ambavyo vikikopiwa utalala njaa. Logo usiipeleke kwenye dizaini kwanza, peleka kwenye alama ya biashara. Na kama kitu chako kina vyote, umbo jipya na mchoro juu yake, hulazimiki kuchagua kimoja, sajili umbo na mchoro wake ubaki na hakimiliki yake. Sehemu nyingi zote mbili zinakaa pamoja bila shida.

Sa hivi nina taa nyingine. Imemaliza wiki tatu kwenye kabati, picha zake saba ziko tayari na mistari ya vidoti imechorwa kwenye kitako kwa sababu kitako sikidai, maombi yameenda Jumatatu na nasubiri karatasi yenye tarehe. Rafiki zangu wanauliza mbona siku hizi siposti kazi mpya. Wataiona.